Wazee Wetu na Hofu ya Kuanguka

Katika familia nyingi yupo bibi au babu aliyewahi kuanguka, pengine bafuni au akienda chooni usiku. Maumivu yameisha, lakini tangu siku hiyo hatoki tena. Jumuiya ikija kusali, hubaki chumbani. Nasi tunamwambia, "Bibi, wewe kaa tu, tutakuletea." Tunadhani tunamsaidia.

Kumbe hofu nayo huangusha. Misuli ya asiyetembea hulegea, na mwenye miguu iliyolegea huanguka upesi. Mwaka 1990 daktari Mary Tinetti wa Marekani na wenzake walitoa kipimo cha hofu hiyo: mzee huulizwa ana uhakika kiasi gani wa kufanya kazi 10 za kila siku, kama kuoga na kuvaa, bila kuanguka.

Mtaalamu wa tiba kwa kazi, fani inayofundishwa KCMC Moshi, huanza na kazi anayoipenda mzee mwenyewe, akaigawa katika hatua ndogo. Tuseme bibi anatamani kuchuma mchicha bustanini. Kwanza ajizoeze kusimama na kuketi kwenye kiti imara, mara 5 kila asubuhi. Akizoea, atembee hadi mlangoni, kisha uani, mwishowe bustanini. Sisi tukae karibu naye, lakini tusimfanyie kila kitu.

Nyumbani tufanye haya:

1. Chooni tuweke mti imara wa kushikia, na kitandani tochi.

2. Kandambili zilizolika tuzitupe. Avae viatu visivyoteleza, vinavyoshika kisigino.

3. Mpini wa fimbo ufike usawa wa kifundo cha mkono. Fimbo ishikwe upande wa mguu ulio mzima.

4. Akiamka, akae kwanza kitandani kidogo. Akiona kizunguzungu, apelekwe zahanati, dawa anazotumia zikaangaliwe, na macho pia.

Tena tumfundishe kuinuka: ageuke ubavu, apige magoti, ashike kiti imara, atangulize mguu mmoja, ainuke. Lakini akiwa amegonga kichwa, au nyonga inamuuma sana, tusimwinue kwa nguvu; tutafute msaada afikishwe hospitali.

Swali la kuzungumza nyumbani: Ni kazi gani bibi au babu yetu aliiacha tangu alipoanguka? Tumuulize mwenyewe, tuanzie hapo.