Ukikwea mlima wa nyika, pima maji na saa

Wakazi wengi wa mijini wameingiwa na mazoea mema ya kukwea milima siku za mapumziko. Ni zoezi zuri kwa moyo, mapafu na misuli. Hata hivyo, mlima ulio katika nchi kame si sawa na vilima vya Ngong. Huko, mtu mwenye miguu imara anaweza kuzidiwa kabla ya adhuhuri, na kinachomshinda si mwinuko bali ni joto.

Tuchukue mfano wa Ololokwe katika Kaunti ya Samburu. Huu ni ule mlima wenye kichwa bapa na kuta za mawe unaoonekana kando ya barabara ya Isiolo kwenda Marsabit, kaskazini mwa Archer's Post. Kimo chake ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Chini yake ni nyika ya miiba na mawe. Juu kuna miti na hewa tulivu. Wasamburu wanauheshimu kama mahali patakatifu. Kuupanda na kurudi ni kazi ya siku nzima.

Joto na mwili wako

Mwili hujipoza kwa kutoa jasho. Ukipanda juani ukiwa na mzigo, unaweza kupoteza lita moja ya jasho au zaidi kwa saa. Katika hewa kavu jasho hukauka upesi, hata ukadhani hutokwi na chochote. Maji yakipungua mwilini, damu nayo hupungua, moyo hupiga mbio na joto la mwili hupanda.

Mwili huchukua kati ya siku 7 na 14 kuzoea joto jipya. Kwa hiyo usidhani kwamba kulala usiku mmoja Archer's Post kunatosha kukuzoesha. Jitayarishe wiki kadhaa mapema kwa kupanda ngazi na vilima ukiwa na mzigo mgongoni, na siku yenyewe utembee polepole kuliko ulivyozoea.

Hesabu ya saa

Mwaka 1892, Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo wakwea milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5 za kutembea, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mfano, safari ya kilomita 12 yenye mita 900 za kupanda itahitaji karibu saa nne. Lakini Naismith alikuwa akitembea katika nchi ya baridi. Kwa sababu ya jua, mawe na mzigo, ongeza nusu, upate saa sita. Kisha ongeza muda wa kupumzika.

Anza safari saa 12 alfajiri, mara kunapopambazuka, ili sehemu kubwa ya kupanda iishe kabla ya saa 5. Pumzika kivulini kileleni wakati jua ni kali. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo huko juu ni afadhali kuliko bondeni. Anza kushuka mnamo saa 9 alasiri ili giza lisikukute njiani.

Muhimu zaidi, wekeni saa ya kurudi kabla hamjaondoka. Saa 5 ikifika nanyi bado mko mbali na kilele, tafuteni kivuli, mpumzike, kisha mgeuke.

Hesabu ya maji

Kikombe kimoja, yaani robo lita, kila baada ya dakika 20 hadi 30 unapotembea kinawatosha watu wengi. Kwa siku nzima, beba lita 5 kwa kila mtu, na lita moja ya akiba isiyoguswa ila kwa dharura. Hizo ni kilo 6, nazo ndizo mzigo wa kwanza kuingia mkobani. Usitegemee kupata chemchemi njiani. Nusu ya maji ikiisha kabla ya kufika kileleni, rudi, hata kama saa bado inaruhusu.

Jihadhari pia na kunywa maji matupu kupita kiasi. Jasho hutoka na chumvi, na chumvi ikipungua sana katika damu mtu huumwa na kichwa, hutapika na huweza kuchanganyikiwa. Kula vyakula vyenye chumvi kidogo kama njugu, mayai au chapati, na beba zile pakiti za dawa wanazopewa watoto wanaoharisha. Ukizikosa, changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visijae kupita kiasi.

Nani amwone daktari kwanza?

Wenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu, kisukari, figo au selimundu, pamoja na wajawazito, wamwone daktari. Baadhi ya dawa, kama zile za kuongeza mkojo na za mafua zinazoleta usingizi, hudhoofisha uwezo wa mwili kujipoza. Usiache dawa bila ushauri. Aliye na homa au anayeharisha abaki nyumbani. Pombe nayo iepukwe usiku wa kuamkia safari.

Dalili za hatari

Kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na misuli kukaza ni onyo la kwanza. Mketishe mgonjwa kivulini, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo, na msiendelee kupanda.

Akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kuzirai, hayo ni maradhi ya joto yanayoweza kuua, hata kama bado anatoka jasho. Joto la mwili wake huenda limepita nyuzi 40. Mvue nguo za juu, mwagie maji, mpepee, na umwekee vitambaa vya maji shingoni, kwapani na kwenye kinena. Hapa ndipo ile lita ya akiba inapofanya kazi. Usimpe kinywaji wala panadol. Mpoze kwanza, kisha mkimbizeni hospitali. Kumbukeni kwamba hospitali ya rufaa iko Isiolo, na kumteremsha mtu mlimani huchukua saa nyingi.

Kabla ya kuondoka

Vaa kofia pana, shati la mikono mirefu lisilobana, na viatu ulivyokwisha kuvizoea. Kata kucha za miguu, kwani wakati wa kushuka vidole hugonga ncha ya kiatu. Nendeni na kiongozi wa njia mwenyeji. Yeye anajua mahali ndovu wanapopita na hali ya usalama. Katika majira ya mvua, msivuke laga iliyojaa maji.

Mwisho, mwachie mtu wa nyumbani maandishi yanayoonyesha njia mtakayofuata, idadi yenu na saa ya kurudi, naye aambiwe ni nani wa kumpigia simu saa hiyo ikipita.