SOMO: KUYAPIMA MAJI YA PWANI BAADA YA MAFUTA KUMWAGIKA BAHARINI

Watu wa visiwani hupata riziki yao baharini, husafiri juu ya bahari, na kwa njia hiyo hiyo hupokea bidhaa zao nyingi. Meli zinazoleta mchele, ngano na petroli hubeba pia matangini mwao mafuta ya kuendeshea mitambo yao wenyewe. Kwa hivyo kisiwa chochote, kiwe na visima vya mafuta au kisiwe navyo, hakisalimiki na hatari ya mafuta kumwagika. Somo hili linakusudiwa kuwaeleza watumishi wa Serikali, masheha, wavuvi na wananchi kwa jumla namna maji ya pwani yanavyopimwa baada ya ajali ya aina hiyo, na sababu ya kazi hiyo kuchukua muda mrefu kuliko wengi wanavyotarajia.

Mifano miwili ya visiwani

Tarehe 5 Januari, 1993, meli ya mafuta iitwayo Braer ilipanda mwamba kusini ya visiwa vya Shetland, Uskochi. Ilikuwa imebeba tani 84,700 za mafuta ghafi mepesi kutoka Norwei, na yote yakamwagika. Dhoruba kali iliyovuma siku hizo iliyachanganya mafuta hayo na maji, hata ufukwe ukabakia na uchafu mchache kuliko ilivyohofiwa. Mtazamaji angeweza kudhani kwamba balaa imeondoka. Hata hivyo, vipimo vilionesha kwamba sehemu kubwa ya mafuta ilikuwa imeteremka na kutulia katika matope ya chini ya bahari. Uvuvi ulipigwa marufuku katika eneo lililoathirika. Kwa samaki wa kawaida marufuku hayo yaliondolewa mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Kwa kome na aina ya kamba waishio matopeni, yaliendelea hadi mwaka 2000.

Mfano wa pili unatoka katika Bahari ya Hindi. Tarehe 25 Julai, 2020, meli ya mizigo iitwayo Wakashio ilikwama juu ya mwamba wa matumbawe huko Pointe d'Esny, kusini-mashariki ya Morisi. Haikuwa na shehena, bali ilikuwa na tani zipatazo 3,900 za mafuta ya mitambo yake. Tarehe 6 Agosti mafuta yalianza kuvuja, na tani zipatazo 1,000 ziliingia baharini kabla ya yaliyosalia kunyonywa. Wakaazi walishona magunia, wakayajaza majani makavu ya miwa na kuyaelekeza majini yawe boma la kuyazuia mafuta. Kiasi hicho kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na kile cha Shetland, lakini kilifika penye mikoko, matumbawe na maji yaliyotulia.

Mifano hii inafundisha kwamba wingi wa tani peke yake hautoshi kuwa kipimo cha madhara. Hutazamwa pia aina ya mafuta, hali ya hewa, na namna ya ufukwe unaopokea.

Mafuta huelekea wapi

Swali la mwanzo la wapimaji ni mahali yanapokwenda mafuta. Kanuni inayotumika ni nyepesi: mafuta huchukuliwa na mkondo kwa kasi yake yote, na husukumwa na upepo kwa kiasi cha asilimia 3 ya kasi ya upepo huo. Tuchukue mfano wa mkondo unaokwenda kaskazini kwa noti 1, yaani maili moja ya baharini kwa saa, na kusi inayovuma kwa noti 20. Upepo utaongeza noti 0.6, na mafuta yatakwenda kaskazini kwa noti 1.6. Kwa muda wa saa 10 yatakuwa yamefika maili 16. Nahodha anayejua mikondo na majira ya pepo za pwani yake huwa msaada mkubwa katika hesabu hii.

Rangi ya maji nayo ina maana. Utando wenye rangi za upinde wa mvua una unene wa baina ya mikromita 0.3 na 5, na milimita moja ina mikromita 1,000. Lita moja tu ya mafuta, ikitandazwa kwa unene wa mikromita 1, hufunika mita 1,000 za mraba. Panapoonekana rangi yenyewe ya mafuta, nyeusi au ya kahawia, ndipo penye mzigo mkubwa, na huko ndiko vyombo vya kusafishia vinakostahili kupelekwa kwanza.

Namna ya kuchukua sampuli

Sampuli za maji huchukuliwa kwa chupa za kioo zilizosafishwa kwa dawa maalumu. Chupa ya plastiki haifai, kwani hunasa baadhi ya mafuta, na huweza pia kuyachafua maji kwa kemikali zake. Chombo huzimwa mashine, na mpimaji husimama upande wa gubeti unaokabili mkondo, ili moshi na mafuta ya chombo chenyewe yasiingie katika kipimo. Chupa hufunguliwa ikiwa imekwisha kuzamishwa, kwa sababu utando wa juu ukiingia, kipimo hakitaeleza tena hali ya maji ya chini yake. Baadaye huwekwa gizani, katika ubaridi, pamoja na maandishi ya mahali, tarehe, saa, hali ya maji kujaa au kupwa, na jina la aliyeichukua.

Pamoja na maji, hupimwa matope, samaki, chaza na kome. Samaki wana uwezo wa kuzivunja kemikali za mafuta na kuzitoa mwilini kwa muda usiokuwa mrefu. Chaza na kome hawana uwezo huo kwa kiasi hicho. Huchuja maji mchana na usiku na kuhifadhi kile walichokichuja. Hiyo ndiyo sababu iliyowafanya wavuvi wa samaki wa Shetland kurejea baharini miaka mingi kabla ya wenzao wa kome. Miongoni mwa kemikali zinazotafutwa zimo zile zinazoweza kusababisha saratani. Kadhalika, watu waliofunzwa hunusa na kuonja samaki waliopikwa, kwani samaki mwenye harufu ya mafuta hauziki hata kama hana madhara.

Maabara huweza pia kutambua mafuta yametoka chombo gani. Mafuta ya kila asili yana mchanganyiko wake, mfano wa alama ya kidole, na baadhi ya viungo vyake hustahimili jua na mawimbi kwa muda mrefu. Kwa njia hiyo, meli iliyomwaga mafuta usiku na kuondoka haina hakika ya kusalimika.

Kipimo cha kabla ya ajali

Kasoro kubwa inayozikuta nchi nyingi ni kutokuwa na kipimo cha siku za salama. Maji ya bandarini na ya penye vyombo vya mashine aghalabu huwa na mafuta kidogo siku zote. Pasipo kumbukumbu za zamani, hakuna awezaye kusema kwa hakika kipi kimeletwa na ajali na kipi kilikuwepo. Hapo mwenye meli hupata hoja ya kukataa kulipa, na mvuvi aliyekosa riziki hukosa ushahidi. Kadhalika kwa mkulima wa mwani na mwokota pweza: daftari la mavuno na mauzo ya kila mwezi, lililoandikwa kabla ya shida, ni hoja yenye nguvu mbele ya walipaji wa fidia.

Kufunga na kufungua uvuvi

Kufunga uvuvi ni uamuzi mzito, kwani siku moja ya kufunga ni siku moja ya nyumba nyingi kukosa chakula. Kufungua mapema ni uzito mwingine: samaki mmoja mwenye harufu ya mafuta akifika sokoni, wanunuzi huwakimbia samaki wote, hata wa madiko yaliyokuwa safi. Kwa hivyo kila aina ya kiumbe hupimwa mbali, na hulinganishwa na wale wa sehemu isiyofikiwa na mafuta. Matokeo yakilingana, na yakarudiwa yakalingana tena, ndipo ruhusa inapostahiki kutolewa. Matokeo hayo yatangazwe madikoni kwa lugha inayofahamika, yawe mazuri au mabaya, kwani mvuvi aliyefichwa habari hataiamini ruhusa atakapopewa.

Wajibu wa wananchi

Mwananchi atakayeona mafuta baharini au ufukweni anakumbushwa kumwarifu sheha wake au ofisi ya uvuvi iliyo karibu naye bila ya kuchelewa, akieleza mahali, saa, rangi na upande unaovuma upepo. Asiyaguse kwa mikono mitupu, asiwaruhusu watoto kuyakaribia, wala asimwage sabuni juu yake, kwani sabuni huyafanya mafuta yazame na kuenea, na huongeza sumu majini. Ndege au kasa aliyepakaa mafuta aachwe kwa wenye ujuzi. Chaza, kome na pweza wa sehemu hiyo wasiokotwe hadi itakapotangazwa kwamba vipimo vimekamilika.

Bahari inaweza kung'ara juu ilhali chini yake pana ugonjwa. Jicho huona utando, lakini lililomo ndani ya chaza na matope hujulikana kwa kipimo na kwa subira.