Daktari wa Mifugo Naye Huchoka: Je, Mashine ya Kuandika Itamsaidia?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia afya ya mama, ya mtoto na ya mzee. Mwezi huu tumtazame mtu ambaye kila siku anatibu lakini ni nadra kuulizwa hali yake, yaani daktari wa mifugo. Mengi tutakayoeleza yametoka Marekani na Uingereza, kwa kuwa huko ndiko jambo hili lilikochunguzwa kwa miaka mingi. Hata hivyo, mwenye ng'ombe, kuku au mbwa nyumbani ataona kwamba linamgusa.

Uchovu usioondoka kwa kulala

Kila afanyaye kazi huchoka, akilala huamka na nguvu mpya. Lakini upo uchovu wa namna nyingine. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliandika juu ya wahudumu wa zahanati ya bure, watu waliojitolea kwa moyo mkubwa, ambao baada ya muda waliishiwa kabisa kama taa iliyokauka mafuta. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hiyo si ugonjwa wenyewe, bali ni tokeo la msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kuwaona watu kama kero, na kujiona huna unaloliweza tena.

Waganga wa mifugo wako katika hatari hiyo kuliko wengi. Mtu husomea kazi hii kwa sababu anapenda wanyama, kisha anakuta sehemu kubwa ya kazi ni kuzungumza na wanadamu wenye huzuni, au wenye hasira, au wasio na fedha. Anajua dawa ambayo ingemponya mnyama, lakini mwenyewe hawezi kuilipia. Siku hiyohiyo atamchanja mbwa mchanga, atamuua mbwa mzee bila maumivu huku watoto wa nyumba wakilia, kisha ataingia chumba cha pili akitabasamu. Usiku simu inalia: ng'ombe ameshindwa kuzaa.

Hatutaki kuwatisha wasomaji, lakini ukweli usemwe. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2019, wa vifo vya tangu 1979 hadi 2015, ulionyesha kuwa waganga wa mifugo wanawake walikufa kwa kujiua mara 3.5 zaidi ya watu wengine wa nchi hiyo, na wanaume mara 2.1. Uchovu wa kazi si sababu pekee ya vifo hivyo, lakini hatuwezi kusema kwamba ni jambo dogo.

Mzigo wa kalamu

Kila mnyama anayetibiwa lazima aandikiwe habari zake. Kwa kawaida daktari huandika mambo manne: aliyoyasema mwenye mnyama, aliyoyaona na kuyapima yeye mwenyewe, anachodhani ni ugonjwa, na atakachofanya. Utaratibu huo ulianzishwa na daktari Lawrence Weed wa Marekani katika miaka ya 1960, nao ni mzuri. Taabu ni muda. Wagonjwa wakiwa wengi, maandishi husubiri jioni, na jioni inakuwa usiku. Uchunguzi wa mwaka 2016 juu ya madaktari wa binadamu huko Marekani ulikuta kwamba kwa kila saa 1 ya kukaa na wagonjwa, karibu saa 2 zilikwenda kwenye kompyuta na karatasi. Wengine waliendelea kuandika nyumbani, chakula kikipoa mezani. Wenzi wa ndoa wanalijua jambo hili vizuri kuliko watafiti.

Mashine inafanyaje kazi

Sasa zimekuja programu za akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia. Daktari huweka simu au kinasa sauti mezani, humwomba ruhusa mwenye mnyama, kisha huendelea kuzungumza na kupima kama kawaida, akitamka anachokiona: joto nyuzi 39.5, fizi zimepauka, tumbo gumu. Programu hugeuza sauti kuwa maandishi, huacha maneno ya salamu na mvua, na hupanga yaliyobaki katika zile sehemu nne. Daktari hubakiwa na kazi ya kusoma, kusahihisha na kutia sahihi.

Katika hospitali za binadamu, shirika la madaktari la Permanente huko California lilianza kutumia programu za namna hii mwaka 2023. Kwa majuma 10 madaktari 3,442 walizitumia katika mikutano zaidi ya 300,000 na wagonjwa. Wengi walisema muda wa kuandika umepungua, na kwamba waliweza tena kumtazama mgonjwa usoni badala ya kioo cha kompyuta. Waganga wa mifugo nao wamefuata njia hiyo.

Mahali pa kuwa macho

Mashine hukosea, tena hukosea kwa maneno mazuri. Uchunguzi wa mwaka 2024 juu ya Whisper, programu mashuhuri ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ulikuta kwamba karibu sauti 1 kati ya kila 100 ilitiwa maneno ambayo hakuna mtu aliyeyasema. Hebu fikiri mililita 0.5 iandikwe 5! Au siku ambazo maziwa hayapaswi kunywewa baada ya sindano ziandikwe 2 badala ya 7. Hapo atakayeumia ni mtoto wako na kikombe chake cha uji wa maziwa. Kwa Kiswahili programu hizi husikia vibaya kuliko kwa Kiingereza, na zizini kuna upepo na ng'ombe wanalia. Daktari asiyesoma kabla ya kutia sahihi ameongeza hatari.

Kanisa limelisemea jambo hili. Hati ya Vatikano iitwayo Antiqua et Nova, ya Januari 2025, inakubali kwamba mashine zinaweza kusaidia katika tiba, lakini inaonya zisichukue nafasi ya uhusiano kati ya mgonjwa na anayemhudumia.

Mimi naona hatari nyingine isiyotajwa sana. Mashine ikimwokolea daktari saa 1, saa hiyo ni ya nani? Mwenye kliniki akiijaza wagonjwa wengine, daktari atarudi nyumbani saa ileile, amechoka zaidi, maana hata yale mapumziko madogo ya kukaa na kuandika yameondoka. Yesu aliwaambia mitume waende kando wapumzike kidogo (Mk 6:31); hakuwaambia wawahudumie watu haraka zaidi.

Familia ifanye nini?

Ikiwa kwenu yupo mganga wa mifugo, muuguzi au mwalimu, angalieni haya: halali ingawa amechoka, anakasirikia mambo madogo, ameacha kuzungumza juu ya kazi aliyoipenda, anasema hafai kitu. Msimwambie avumilie tu. Mketi naye, mumsikilize, mumpeleke kwa daktari au mshauri. Akitaja kufa, msimwache peke yake, na msaada utafutwe siku hiyohiyo.

Nanyi wenye mifugo, wekeni daftari zizini. Andikeni siku mnyama alipoanza kuugua, alichokula, dawa aliyopewa na tarehe yake. Mganga akifika, mpeni daftari hilo kabla hajauliza, halafu mpeni maji ya kunawa na kiti.