Dawa ya Kupunguza Mafuta ya Damu: Kazi Yake na Madhara Yake

Somo letu la leo ni juu ya dawa iliyomo katika nyumba nyingi za miji yetu, na wengi wainywao hawajui yawafanyia nini. Mtu huandikiwa na daktari, akainywa mwezi au miwili, kisha akasikia barazani kuwa dawa hiyo "huua miguu", akaitupa. Wala hahisi neno siku ile wala mwezi ule. Khasara huja baadaye, tena kwa ghafula. Basi yatupasa tuijue kazi yake na madhara yake yaliyo ya kweli, ili mtu asiiache kwa uvumi wala asiinywe kwa kutojua.

Kolesteroli ni nini? Ni namna ya mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi bila yake. Kwayo hujengwa kuta za chembe za mwili, na kwayo ini hutengeneza nyongo. Sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, khasa ini. Chakula huongeza juu yake. Ndiyo maana huenda ukamwona mtu mwembamba, asiyependa nyama wala samli, na damu yake imejaa mafuta. Inapozidi, hujikusanya katika kuta za mishipa mwaka baada ya mwaka, hata njia ya damu ikawa nyembamba. Utando ule ukipasuka, damu huganda papo hapo. Ikiwa ni mshipa wa moyo, mtu hushikwa na moyo. Ikiwa ni wa ubongo, hupatwa na kiharusi.

Dawa itumiwayo zaidi ni ya jamii ya statini, kama simvastatini, atorvastatini na rosuvastatini. Asili yake ni Japani, ambako mtaalamu Akira Endo na wenziwe waliipata ya kwanza mwaka 1973, katika kuvu ya jamii ile ile iliyotoa penisilini. Kazi yake ni hii: katika ini mna kichocheo kinachoshika hatua kubwa ya kutengeneza kolesteroli, na statini hukaa mahali pake pa kazi, kikashindwa.

Mfano wake ni nyumba yenye kisima uani. Kisima kikipungua maji, wenye nyumba hawaachi kuhitaji maji. Huongeza wachukuzi wakateke nje. Na ini ndivyo lifanyavyo. Likiona upungufu ndani, huongeza vipokezi juu ya chembe zake, navyo hudaka kolesteroli mbaya ipitayo katika damu na kuiingiza ndani. Hivyo kolesteroli mbaya hupungua thuluthi hata nusu, kwa kadiri ya dawa na kipimo chake. Lakini mtu akiacha dawa, kisima hufurika tena, wachukuzi hupunguzwa, na baada ya wiki chache damu hurejea ilivyokuwa. Basi aliyepimwa akaambiwa damu yake ni njema, na ajue kuwa wema huo umeletwa na dawa.

Na faida yake imepimwa. Mwaka 1994 ilitolewa khabari ya wagonjwa wa moyo 4,444 wa nchi za Skandinavia, waliofuatwa kwa miaka mitano na zaidi. Katika waliopewa vidonge visivyo na dawa walikufa 256. Katika waliopewa simvastatini walikufa 182.

Ama madhara yake, makubwa ni haya:

La kwanza, maumivu ya misuli. Aghlabu ni mepesi, na daktari huweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Lakini maumivu makali, pamoja na udhaifu na mkojo mweusi kama kahawa, ni khatari. Ni jambo la nadra sana. Likitokea, mtu akimbilie hospitali siku ile ile, kwani figo huharibika.

La pili, sukari hupanda kidogo kwa baadhi ya watu, khasa walio karibu na kisukari.

La tatu, ini huweza kudhurika, ingawa ni mara chache. Macho yakiwa manjano, mtu amwone daktari upesi.

La nne, kugongana na vitu vingine. Baadhi ya dawa za bakteria na za kuvu, na balungi pia, huzidisha nguvu ya baadhi ya statini. Mwambie daktari kila unachokunywa, pamoja na dawa za miti. Na mwenye mimba au anyonyeshaye asinywe ila kwa amri ya daktari.

Je, kila maumivu ni ya dawa? Mwaka 2020 wataalamu wa London walitoa khabari ya watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara. Walipewa miezi ya dawa, miezi ya vidonge vitupu, na miezi bila ya kidonge. Sehemu tisa katika kumi za taabu waliyoipata kwa dawa waliipata kwa vidonge vitupu pia. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, lakini mengi yalitokana na khofu ya kidonge. Walipoonyeshwa hayo, nusu yao walirejea kwenye dawa.

Mfungaji naye hana haja ya kuiacha: hunywewa mara moja kwa siku, na usiku wa Ramadhani watosha.

Basi ndugu, ukiona taabu, mpelekee daktari kabla ya kuipeleka barazani. Wa barazani hakupima damu yako, wala hatakuwapo siku moyo utakaposhikwa.