Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 18: Kabla ya Kuuliza Bei



Ndugu zangu waumini wa Karagwe na Kyerwa, kijana wetu mmoja anayesoma Dar es Salaam amenitumia swali: "Ustadh, wikiendi huwa tunatoka na washkaji kwenda kula chakula cha Kichina, kuna sehemu bei ni rahisi. Inafaa?" Swali ni zuri, na linatuhusu hata sisi ambao Jumamosi baada ya Tarawehe tunateremka Kayanga, Omurushaka au Nkwenda kutafuta chipsi na mishikaki.

Kutoka na marafiki kwenda kula si dhambi. Surat An-Nur aya ya 61 imemtaja rafiki pamoja na wazazi na ndugu, kwamba hakuna ubaya kula nyumbani kwake. Wala chakula hakiwi haramu kwa sababu ni cha Kichina. China wako Waislamu wa karne nyingi wanaoitwa Wahui, na tambi zao za supu ya ng'ombe za mji wa Lanzhou zinajulikana nchi nzima, tena ni chakula cha watu wa kawaida. Migahawa ya Waislamu kule huandika mlangoni "qingzhen", maana yake safi na kweli. Ila upishi mwingine wa Kichina hutumia sana nguruwe, mafuta yake na mvinyo wa mchele. Hata sahani ya mboga tupu inaweza kuwa imekaangwa na mafuta hayo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, tuulize mambo mawili.

La kwanza: kikaango hiki kimekaangia nini? Hapa kwetu tunaishi na majirani wa dini nyingine, na kitimoto kinauzwa. Viazi havina tatizo, shida ni mafuta. Nyama ya mbuzi ni halali ikichinjwa kisheria, lakini jiko likiwa moja na koleo moja, hapo pana shaka. Uliza kwa adabu: "Shikamoo mama, samahani, mafuta haya mmekaangia na kitimoto?" Wengi watakujibu ukweli bila kuchukia. Lakini tusivuke mpaka. Muislamu mwenzako anapouza mishikaki, usimhoji kama polisi. Katika Sahih Bukhari, Bibi Aisha (r.a.) anasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu nyama iliyoletwa na watu waliosilimu karibuni, haijulikani kama walitaja jina la Allah. Akawaelekeza walitaje wao, kisha wale. Tunauliza penye sababu. Pasipo na sababu tunamdhania mwenzetu kheri.

La pili, na hili tunalisahau: nani amebaki nyumbani? Mkikubaliana kila mtu atoe elfu tano, nyinyi mnaona ni bei rahisi. Lakini miezi hii kahawa bado iko mtini, mizani ya chama cha msingi haijafunguliwa. Yupo mwenzenu atakayesema "leo nimechoka" au "mimi nimeshiba", kumbe amefuturu uji tu na hana hata nauli ya bodaboda. Hatasema. Ataswali na nyinyi safu moja, kisha atapita njia ya nyuma kurudi kwao. Akifanya hivyo mara tatu, ya nne hata msikitini hamtamwona.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa chakula cha wawili kinawatosha watatu, na cha watatu kinawatosha wanne. Na waliomlalamikia kwamba wanakula bila kushiba, aliwaambia wakusanyike kwenye chakula chao na kutaja jina la Allah, watabarikiwa.

Basi vijana wangu, fanyeni hivi. Msipange kiwango cha kila kichwa. Mmoja akusanye kimyakimya kwenye simu, kila mtu anachoweza, na asiwepo wa kujua nani katoa nini. Agizeni sinia moja, mle pamoja. Na fedha isipotosha, matoke na maharage nyumbani kwa mmoja wenu ni mtoko tosha, na mafuta yake mnayajua.

Kazi ya leo: mkumbuke rafiki mmoja ambaye hajaonekana kwenye mitoko yenu. Mpitie kwao, usimpigie tu simu. Mwambie, "Twende, umeshalipiwa."

Allah atukubalie funga zetu na atulishe vilivyo halali. Amin.