Kuunganisha Modemu ya Kompyuta ya Mkononi na Laini ya Simu kwa Usalama

Kompyuta nyingi za mkononi za zamani ziliundwa zikiwa na modemu ndani yake. Kwa waya mmoja wa simu, mtumiaji huweza kuingia katika intaneti au kutuma faksi kupitia laini ya simu ya mezani. Hata hivyo, si kila tundu la simu lililo ukutani linafaa kwa kazi hiyo.

Laini ya kawaida ya nyumbani ni ya analojia. Simu isipotumika, laini huwa na umeme wa volti 48 hivi. Inapoita, umeme huo huweza kufikia volti 90 hivi. Modemu imeundwa kuhimili hali hiyo. Lakini ofisi na hoteli nyingi hutumia swichibodi za dijitali, ambazo mkondo wake waweza kuzidi uwezo wa modemu na kuiunguza. Kwa macho, tundu lake halitofautiani na la nyumbani.

Kwa hiyo, zingatia yafuatayo:

1. Uliza kwanza. Uwapo ofisini au hotelini, uliza iwapo laini ni ya analojia. Laini ya mashine ya faksi kwa kawaida ni ya aina hiyo. Usipopata jibu la hakika, usiunganishe.

2. Tambua tundu. Kiungio cha simu, RJ-11, ni chembamba kuliko kile cha mtandao wa kompyuta, RJ-45. Chembamba huweza kuingia katika tundu la kipana. Kuingia kwake si ushahidi kwamba hapo ni mahali pake.

3. Fuata utaratibu. Chomeka waya kwenye kompyuta kwanza, kisha ukutani. Unapomaliza, anza kuchomoa ukutani. Usiguse nyaya zilizochunika, wala usiunganishe mahali penye majimaji.

4. Jihadhari na radi. Mvua ya radi inapokaribia, chomoa waya wa simu pamoja na wa umeme. Kifaa cha kinga kilichowekwa kwenye soketi ya umeme pekee hakizuii radi ipitayo katika waya wa simu.

Modemu ya ndani ikiungua, huenda ukalazimika kuipeleka kompyuta nzima kwa fundi, pamoja na kazi zako zote zilizomo. Soma hati ya dhamana mapema ujue kama inafidia hasara ya namna hiyo, na uitunze pamoja na stakabadhi ya ununuzi.