Mshindani Usiyemwona

Kabla ya 2007, mtu wa Kawangware akitaka kutuma pesa ushago alimpa dereva wa basi bahasha, ama alipiga foleni Posta. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 haikununua basi hata moja. Ilifanya kazi ile ile kwa simu. Hilo ndilo Michael Porter aliliita, mwaka wa 1979, tishio la bidhaa mbadala.

Unauza mafuta taa hapo Riruta? Usimchunge jirani anayeuza mafuta pekee. Mteja anachotaka ni chai ichemke. Akipata gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, atahama kimyakimya.

Leo waulize wateja watano: "Nikikosa mafuta, utapikia nini?" Jibu lao ndilo mshindani wako.